Siena kwa siku moja: anzieni makumbusho, kisha mwingie kanisani

Milele na milele, amina, Ndugu Katibu.

Umeandika kwa niaba ya mahujaji 18 wa parokia moja ya Moshi, watakaokuwa Italia mwezi Septemba. Baada ya Roma mmetenga siku moja ya Siena, mkaone Kanisa Kuu la Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni na makumbusho yake ya sanaa takatifu. Maswali yako ni manne: muda gani unatosha, kwa nini mtu alipie tiketi kuingia nyumba ya Mungu, kwa nini picha zilizochorwa kwa ajili ya altare zimefungiwa makumbusho, na wazee watatu wa kikundi, ambao magoti hayataki tena ngazi, wataambulia nini.

Nianze na hilo la tatu, kwa sababu jibu lake ndilo linalopanga siku yenu nzima.

Makumbusho hayo yanaitwa Museo dell'Opera. Neno Opera hapa halina uhusiano na uimbaji wa jukwaani. Ni ile ofisi iliyosimamia ujenzi wa kanisa tangu Enzi za Kati, ikawalipa waashi, wachongaji na wachoraji, na mpaka leo ndiyo inayolitunza na kuuza tiketi. Kwa hiyo karibu kila mtakachokiona makumbusho kimetoka kanisa hilohilo, hatua chache tu kutoka pale. Sanamu za nje zilishushwa kwa sababu mvua na baridi vilikuwa vinakula marumaru. Dirisha la vioo liliondolewa lipate kutengenezwa na kulindwa. Picha kubwa ya altare iliondolewa kwa sababu kizazi kilichofuata kilitaka altare ya namna nyingine. Vitu vyote hivyo vina mahali pake kanisani, na mahali penyewe bado papo.

Ndiyo maana nawashauri mfanye kinyume cha wageni wengi: anzieni makumbusho, halafu mwingie kanisani. Mkishaviona vitu kwa karibu, mkiingia kanisani mtaweza kuvirudisha kila kimoja mahali pake kwa macho yenu. Anayeanza kanisani hufika makumbusho amechoka, akaziona sanamu zimepangwa ukutani tu, akapita. Tena asubuhi foleni ya kanisani ndiyo ndefu, wakati makumbusho bado yana nafasi ya kupumua.

Kuhusu muda, tengeni saa tano za kutembea na kutazama bila kuhesabu chakula. Makumbusho yapeni saa moja na nusu, kanisa saa mbili, sehemu ya ubatizo na chumba cha chini dakika ishirini ishirini, na zinazobaki ni za kupanda juu kwa watakaopanda. Kikundi cha watu 18 hakitembei kama mtu mmoja, na huko kila kona ina mteremko.

Tiketi ya pamoja hufungua kanisa, maktaba iliyo ndani yake, makumbusho, ubatizo na chumba cha chini, na hutumika kwa siku tatu mfululizo, mara moja kwa kila mahali. Ukishatoka sehemu fulani, kurudi hakupo. Kwa kikundi, wekeni nafasi mapema mtandaoni. Angalia pia saa: tiketi iliyoandikwa 10:00 ni saa nne asubuhi, na 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Jambo hili huonekana dogo mpaka kikundi kizima kipitwe na zamu yake. Jumapili na sikukuu za amri watalii hawaingizwi asubuhi, kwani kanisa ni la Misa. Hufunguliwa kwao saa saba na nusu mchana. Mkiweza, chagueni siku ya kati ya juma.

Na hapo tumefika kwenye swali la malipo. Anayekuja kusali Misa hatozwi. Tiketi ni ya kutembea na kutazama, na fedha hiyo ndiyo inayolipa mafundi wa kutunza marumaru, vioo na mapaa ya jengo lenye zaidi ya miaka 700. Lakini wakati wa Misa hamtazunguka wala kupiga picha. Msijaribu kuunganisha mawili hayo ili kuokoa euro chache. Wasimamizi wanalijua hilo tangu zamani, na mtawaudhi waumini wa pale. Kama mna padri na mnataka kuadhimisha Misa yenu wenyewe, aandike kwa parokia ya kanisa kuu majuma kadhaa kabla, na asafiri na celebreti, yaani hati ya askofu au mkuu wake wa shirika inayothibitisha kuwa ni padri mwenye ruhusa ya kuadhimisha. Bila hati hiyo sakristia nyingi za Italia hazimpi kalisi.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, kwa wanawake na wanaume. Septemba bado kuna joto, kwa hiyo kila mama awe na kanga au kitenge kwenye mkoba. Hakina uzito na kinatosha kabisa. Mlangoni pa kanisa, sakafuni, kuna maandishi ya Kilatini yanayomkumbusha anayeingia kwamba hekalu hili safi kabisa la Bikira liingiwe kwa usafi. Viatu viwe vya soli laini na bapa. Mizigo mikubwa acheni hotelini. Picha hupigwa bila mwanga wa flashi.

Kabla ya kuingia makumbusho, simameni kwanza nje mtazame jengo lenyewe, maana bila kulielewa hamtaelewa kwa nini mji huu una ukuta mkubwa wa kanisa usio na kanisa nyuma yake. Mwaka 1339 Siena ilikuwa tajiri kwa biashara na benki, ikaamua kujenga kanisa kubwa kuliko yote ya jirani. Kanisa lililokuwapo, ambalo ndilo mtakaloingia, lingegeuzwa kuwa mikono tu ya msalaba wa kanisa jipya. Kuta zikainuka. Mwaka 1348 ikaja tauni, ikaua watu wengi kiasi kwamba mafundi, fedha na nia vilikatika kwa pamoja. Miaka michache baadaye ikagundulika pia kwamba sehemu zilizokwisha kujengwa zilikuwa dhaifu, na mwaka 1357 kazi ikaachwa, baadhi ya kuta zikabomolewa. Uwanja mtakaosimama hapo ungekuwa ukumbi wa waumini. Makumbusho, yaliyoanzishwa mwaka 1869, yamo ndani ya upande wa kulia wa kanisa hilo ambalo halikumalizika, kwenye nafasi zilizozibwa katikati ya nguzo zake.

Ukumbi wa chini ni wa sanamu alizochonga Giovanni Pisano na wasaidizi wake kwa ajili ya uso wa kanisa, kati ya 1284 na 1297 hivi. Kuna manabii kama Musa, Isaya, Hagai na Habakuki, na pamoja nao yumo Plato, mwanafalsafa wa Wagiriki, kwa kuwa watu wa wakati ule waliamini kwamba hata wapagani wenye hekima waliuona mwanga kidogo wa Kristo kabla hajaja. Mtafuteni Miriamu, dada yake Musa. Shingo yake imesukumwa mbele kupita kiasi, kama mtu aliyeitwa ghafla akageuka kuitika, na ukimtazama kwa karibu unaweza kudhani fundi alikosea. Hakukosea. Sanamu iliwekwa juu sana, na mtazamaji alisimama chini. Shingo iliyonyooka ingefanya uso ufichwe na kifua. Mwambieni mwenzenu mmoja achuchumae karibu na sanamu na kutazama juu, mtaona uso wake unavyorudi mahali pake. Tazameni pia jinsi patasi ilivyoacha mashimo marefu kwenye nywele na mikunjo ya nguo. Yale yalikusudiwa kushika kivuli, ili sura isomeke kutoka mbali. Nyuso zilizolika ni kazi ya mvua ya karne sita.

Katika ukumbi huohuo limesimamishwa dirisha la duara la vioo vya rangi, lenye upana wa zaidi ya mita tano, lililofanywa mwaka 1287 na 1288 kwa michoro ya Duccio di Buoninsegna. Lilikuwa juu ya altare, ambako hakuna jicho la mtu lingeweza kuona mistari ya uso. Sasa liko mbele yenu. Lisomeni kutoka chini kwenda juu: maziko ya Bikira Maria, kupalizwa kwake, kisha kuvikwa taji na Mwanawe. Pembeni wako wainjilisti wanne, na kushoto na kulia kwa Bikira anayepalizwa wako watakatifu wasimamizi wa mji. Rangi ya kioo chenyewe imeyeyushwa pamoja na kioo; mistari myeusi ya macho, nywele na vidole ilichorwa juu yake kwa brashi kisha ikachomwa kwenye tanuri. Vipande vimeshikwa na risasi. Hapa pana mwanga wa kutosha mtu kuzitofautisha kazi hizo mbili.

Kisha pandeni ghorofa ya kwanza kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Kama mngekuwa na nusu saa tu Siena nzima, ningesema mwitumie humo.

Ni Maestà ya Duccio, yaani Bikira Maria katika enzi. Mkataba wake ni wa Oktoba 1308. Tarehe 9 Juni 1311 ilitolewa kwenye karakana ya mchoraji, maduka yakafungwa, ikabebwa kwa maandamano ya askofu, mapadri, wakuu wa mji na watu wenye mishumaa, ikazungushwa uwanja mkuu huku kengele zikipigwa, hadi kanisani. Ilikaa juu ya altare kuu, ikiwa imechorwa pande zote mbili. Upande wa mbele, waliouona waumini, una Bikira na Mtoto katikati ya malaika na watakatifu, na wasimamizi wanne wa mji wamepiga magoti: Ansano, Savino, Crescenzio na Vittore. Chini ya kiti cha enzi kuna sala fupi ya Kilatini inayomwomba Mama Mtakatifu wa Mungu awe chanzo cha amani kwa Siena, na awe uzima kwa Duccio, kwa kuwa amemchora hivi. Mchoraji kuandika jina lake kwenye ombi, tena palepale miguuni pa Bikira, ni jambo la kusimama nalo.

Upande wa nyuma uliwaelekea mapadri. Una matukio 26 ya Mateso na Ufufuko, kuanzia Bwana anapoingia Yerusalemu, chini kushoto. Ni Njia ya Msalaba kabla ya Njia ya Msalaba tunayoijua parokiani. Msijaribu kuyatazama yote kwa nguvu ileile. Chagueni machache, na mojawapo liwe lile la Petro kumkana Bwana. Petro ameketi uani na watu wengine, ameinyoosha miguu yake kwenye moto, mkono umeinuka kukataa, na mjakazi anamwonyesha kidole. Nyuma ya mjakazi inaanza ngazi. Fuateni mstari wa ngazi hiyo kwa macho: unatoka kwenye tukio la Petro, unavuka mpaka wa picha, unaingia kwenye chumba cha juu ambako wakati uleule Yesu amesimama mbele ya Anasi, mikono imefungwa. Duccio hakuandika neno hata moja, lakini kila anayeitazama anaelewa kuwa sauti ya chini ingeweza kusikika juu.

Kuna maswali mawili ambayo hamtakosa kuulizana humo. La kwanza, mbona nyuso nyingi zina ukijani? Wachoraji wa Siena walipaka kwanza udongo wa kijani kwenye sehemu za mwili, kisha juu yake tabaka nyembamba za waridi na nyeupe zilizochanganywa na kiini cha yai. Kijani kilikuwa cha kutoa kivuli. Karne zikipita na usafishaji mkali ukifanyika, tabaka za juu hulika na kijani huchomoza. La pili, mbona kuna mistari wima kwenye picha? Mwaka 1506 Maestà iliondolewa altareni. Mwaka 1771 ikakatwa kwa msumeno, mbele ikatenganishwa na nyuma na ubao ukapasuliwa vipande, ili igawanywe kwenye altare mbili. Alama za msumeno bado zinaonekana ukisogea. Paneli ndogo za chini na za juu zikatawanyika. Nyingine leo ziko London, Washington, New York, Fort Worth na Madrid. Sehemu kubwa iliyobaki iliingia makumbusho mwaka 1878. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, yule anayesikitika kwamba picha ya altare imefungiwa makumbusho ajue kwamba iliharibiwa kabla ya kufika makumbusho, na wala si na makumbusho.

Ghorofa ya juu mtakuta ubao wa zamani zaidi, wa mwanzoni mwa karne ya 13, uitwao Bikira wa Macho Makubwa. Sura yake imechongwa kidogo ikainuka kutoka kwenye ubao, kisha ikapakwa rangi. Kwa mapokeo ya mji, mbele ya picha hii watu wa Siena waliuweka mji wao chini ya Bikira Maria kabla ya kupigana na mji wa Firenze huko Montaperti, tarehe 4 Septemba 1260, wakashinda. Tangu hapo walijiita mji wa Bikira. Baada ya hayo mtaelewa kwa nini Maestà ilibebwa kwa kengele.

Kutoka ndani ya makumbusho kuna njia ya kupanda ule uso wa kanisa lisilomalizika, uitwao Facciatone. Ni ngazi 131, za mzunguko, nyembamba, na watu huruhusiwa kwa makundi madogo. Nafasi ya kupishana haitoshi. Mwenye magoti mabovu, kizunguzungu au pumu asipande, na asione aibu. Wapandaji wapande mara wakimaliza ghorofa ya Maestà asubuhi hiyohiyo. Baada ya saa sita foleni hupita nusu saa kwa urahisi. Wazee wabaki na Maestà, ambayo wataiona vizuri kuliko wengine. Juu utauona mpango wote wa 1339 umelala chini yako.

Kuleni mapema, karibu saa sita, mbali kidogo na uwanja wa kanisa, bei hushuka. Wazee wapumzike kweli, maana sehemu ya pili ni ya kusimama.

Sasa kanisa. Nje, mtakuta sanamu za uso wa mbele ni nakala. Zile za kweli mmetoka kuzitazama. Mkiinua macho mtawaona manabii kule juu, na shingo ya Miriamu itawaingia akilini mara moja. Pembetatu za juu zina picha za mozaiki, ambazo ni za karne ya 19. Mnara wa kengele una madirisha yanayoongezeka, moja kwenye ngazi ya chini hadi sita kwenye ngazi ya juu, ili ukuta uwe mwepesi kadiri unavyopanda.

Ndani, kitu cha kwanza kitakachowapiga ni milia ya marumaru nyeusi na nyeupe, rangi za nembo ya mji. Msisimame mlangoni, sogeeni mbele, kisha tazameni sakafu. Hapa mmebahatika. Sakafu hii, yenye picha 56 zilizofanywa kati ya karne ya 14 na ya 16, na nyongeza za baadaye, sehemu kubwa ya mwaka hufunikwa kwa mbao. Hufunuliwa kwa kawaida kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai, na tena kuanzia 18 Agosti hadi Oktoba. Septemba yenu imo ndani. Bei hupanda kidogo kipindi hicho, na inastahili. Hakikisheni tarehe za mwaka huo kabla ya kulipa. Aliyekuja mwezi Machi ameona robo tu ya kanisa hili, na pengine hakuambiwa.

Kwa nini hufunikwa? Angalieni jinsi ilivyofanywa. Picha za mwanzo ni marumaru nyeupe iliyochongwa mistari kwa patasi na vitundu kwa keekee, kisha mistari ikajazwa mchanganyiko mweusi unaoganda. Mchanga ulio chini ya kiatu cha mtu mmoja hausemi kitu. Wa maelfu kwa siku husugua marumaru na kung'oa ule ujazo. Baadaye mafundi waliacha kujaza mistari, wakaanza kukata marumaru za rangi na kuziunganisha. Domenico Beccafumi, aliyeifanyia kazi sakafu hii kwa takriban miaka 30 hadi 1547, alitumia marumaru nyeupe, za kijivu na nyeusi zaidi kuweka mwanga na kivuli, hata ukidhani ni kazi ya brashi. Kazi zake ziko kuelekea altare na chini ya kuba.

Sakafu ina mwendo. Mlangoni mnaanza na hekima ya wapagani: Hermes Trismegistus, mwenye hekima wa hadithi za kale, picha ya mwaka 1488. Pembeni kushoto na kulia wako Sibila kumi, wanawake walioaminiwa na watu wa kale kuwa walitabiri, akiwamo Sibila wa Libya, na kwa Wagiriki Libya lilikuwa jina la Afrika. Katikati kuna jike la mbwa mwitu la Siena na alama za miji mingine kulizunguka. Mkisogea mbele mnaingia Agano la Kale: Musa akipiga mwamba, Eliya, na Ibrahimu akimtoa Isaka karibu kabisa na altare. Upande wa kushoto, Mauaji ya Watoto Wachanga ya Matteo di Giovanni, ya mwaka 1481, ni magumu kuyatazama. Fuateni kamba, wala msirudi nyuma dhidi ya mkondo wa watu.

Karibu na kuba, kushoto, simameni kwenye mimbari ya Nicola Pisano, baba yake Giovanni, iliyofanywa kati ya 1265 na 1268 akisaidiwa na mwanawe na Arnolfo di Cambio. Ina pembe nane, na nguzo kadhaa zimesimama juu ya simba. Paneli saba zinaanza na Kuzaliwa kwa Bwana na kuishia na Hukumu ya Mwisho iliyogawanywa mara mbili, waliookolewa na waliolaaniwa, Kristo katikati yao. Zungukeni taratibu. Msongamano wa watu kwenye kila paneli ni wa makusudi: Nicola alikuwa amesoma majeneza ya marumaru ya Warumi wa kale, akachukua kwao namna ya kubana umati mahali padogo bila kumpoteza mtu hata mmoja. Tafuteni Mamajusi, na uone farasi na ngamia walivyopangwa kwenye safari yao.

Kisha geukieni altare kuu. Dirisha la duara lililo juu ni nakala ya lile mliloona asubuhi, likumbukeni mlivyolisoma. Enzi ya Duccio altare kuu ilikuwa chini ya kuba. Hapo ndipo Maestà iliposimama, waumini upande mmoja na mapadri upande wa pili. Waambieni wenzenu waiweke pale kwa macho. Tabernakulo ya shaba iliyochukua nafasi yake mwaka 1506 ni kazi ya Vecchietta.

Upande wa kushoto wa ukumbi ipo altare ya Piccolomini, yenye sanamu nne ndogo za Michelangelo alipokuwa kijana, za miaka ya 1501 hadi 1504. Wengi huzipita bila kujua. Jirani yake ni mlango wa maktaba ya Piccolomini, na hapa wanakwaya wenu ndio watakaokawia. Kuta zimechorwa na Pinturicchio, matukio kumi ya maisha ya Papa Pio wa Pili, rangi zake zikiwa nzima ajabu. Ila acheni kuta kwa muda, muiname kwenye makabati ya vioo. Ni vitabu vya kwaya vya karne ya 15, vya ngozi, vilivyopambwa na Liberale da Verona na Girolamo da Cremona. Ukubwa wake una sababu: kitabu kimoja kiliwekwa juu ya kinara, na kwaya nzima ikasimama kukizunguka na kusoma kutoka humo. Noti ni za mraba, juu ya mistari minne badala ya mitano. Aliyezoea solfa atashangaa jinsi zinavyofanana na anachokijua, kwa kuwa alama iliyo mwanzoni mwa mstari humwambia mwimbaji do au fa iko wapi, na nyingine zote huhesabiwa kutoka pale. Kundi la noti zilizoshikana ni silabi moja inayovutwa. Mwalimu wa kwaya akitulia dakika tano ataweza kuimba mstari mzima kwa sauti ya chini.

Upande wa pili, karibu na kuba, ni kikanisa cha Bikira wa Nadhiri, kilichojengwa karne ya 17 kwa ajili ya Papa Aleksanda wa Saba, kikiwa na sanamu za Mtakatifu Yeronimo na Maria Magdalena, kazi ya mchongaji Bernini. Hapa ni mahali pa sala. Simu zizimwe, na wazee wakae. Ni mahali pazuri pa kusali rozari kimya kimya wakati wengine wanamalizia sakafu.

Sehemu ya ubatizo iko nyuma na chini, kwa sababu kanisa lilirefushwa kuvuka ukingo wa kilima na jengo hilo likawa kama mguu wa kulishikilia. Kisima chake cha shaba na marumaru kina kazi ya Jacopo della Quercia, Ghiberti na Donatello. Ya Donatello ni karamu ya Herode, mfalme akirudi nyuma kwa hofu kichwa kinapoletwa mezani. Njiani kwenye ngazi hizo upo mlango wa chumba cha chini, kilichogunduliwa mwaka 1999 kikiwa kimejaa kifusi. Kifusi ndicho kilichohifadhi rangi za michoro ya karne ya 13, nyekundu na buluu zikiwa kali kuliko popote hapo. Ngazi za nje ni nyingi na za mteremko. Wazee wasishuke, wao watangulie kwa teksi hadi kituo mtakachokutania.

Lingine mtakaloulizwa ni usafiri. Kutoka Roma basi huchukua kama saa tatu kwenda tu, hivyo kwenda na kurudi siku moja kutawaua. Laleni Siena au Firenze usiku mmoja. Kutoka Firenze basi la moja kwa moja ni kama saa moja na robo, na linawashusha karibu na mji wa juu, wakati treni huwaacha bondeni, mkahitaji ngazi za umeme na mwendo wa karibu dakika ishirini na zaidi. Basi la kukodi haliingii ndani ya kuta, na hulipiwa kibali cha kufika mjini. Epukeni Jumatano kama mnaweza: gulio la mji hufanyika karibu na kituo cha mabasi, na barabara hujaa.

Mkibakiwa na saa moja kabla ya kuondoka, kanisa la Mtakatifu Dominiko liko karibu na kituo hicho hicho. Humo kimo kichwa cha Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyefariki Roma tarehe 29 Aprili 1380. Mwili wake mtakuwa mmeshaupitia Roma, katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva. Wenye nguvu zaidi waende kanisa la Mtakatifu Fransisko, upande mwingine wa mji, penye Ekaristi iliyoibwa tarehe 14 Agosti 1730, ikapatikana siku tatu baadaye, na hostia zake zimehifadhiwa hadi leo. Makanisa hayo mawili hayana tiketi ya pamoja na kanisa kuu, na yana saa zake za kufungwa mchana. Ulizeni hotelini asubuhi kabla hamjatoka.